Ukinyamaza, Nitajuaje?

Asteria mwanangu,

Marahaba yako naitanguliza hapa juu, maana shikamoo ya kesho utaitoa dirishani treni imeshaanza kuvuta, na masikio yangu unayajua. Umekwenda Ruaha kuwaaga wenzako uliosoma nao, umesema utarudi jua likizama. Sasa ni saa tisa alasiri. Nimefunga mlango wa uani kuku wasiniingilie, nimekaa kwenye meza yako, kompyuta nimeisukuma pembeni, nimechukua daftari lako. Usinune. Karatasi nilizochana ni za nyuma, hazikuwa na kitu.

Mwandiko wangu ni wa kisomo cha watu wazima. Herufi zimekaa kama ng'ombe waliokwama kwenye tope. Utazisoma hivyo hivyo. Aliyekwenda chuo mpaka akaweza kuongea na mashine hashindwi na mwandiko wa bibi yake.

Sikuandikii habari za kuchemsha maji, wala chandarua, wala kuangalia mzigo treni ikisimama Tabora. Hayo nimeyasema tangu Jumatatu, mpaka juzi ukawa unayamalizia mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Na ile saa ya Babu yako niliyokuahidi, usiitafute kwenye sanduku. Haimo. Nitakuambia kwa nini.

Ninaloliandika ni lile tuliloligombania wiki iliyopita, ukaniambia, "Bibi, hii si kazi yako," halafu ukatoka ukaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Uliniudhi. Lakini tangu siku ile sijalala vizuri, na haikuwa kwa ajili ya maneno yako. Ni kwa ajili ya jambo nililokuficha tangu una miaka mitano.

Tuanze na hiyo kompyuta. Ulipoileta kutoka Dar, imefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa, nilisema siku hizi kila kitu mtumba: shati mtumba, gari mtumba, na sasa akili nayo mtumba. Ukasema kazi uliyopata Mwanza inaanza na programu ambayo lazima uende nayo imekwisha. Kuna visanduku vimewekwa kwenye mito, kila kimoja kinapima kina cha maji na kutuma namba kwa redio, na wewe ndiye wa kuandika kitu cha kuzisoma namba hizo. Ukaniambia lugha yenyewe inaitwa C. Nikakuuliza A na B wako wapi. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Wiki tatu ulikuwa unanisomea mipango yako huku nachambua mchele, ukidai kwamba nikielewa mimi, na wenzako kazini wataelewa. Sijui kama ulikuwa unanisifu au unanitukana.

"Bibi, fikiria unasikiliza simu mbovu," ulisema. "Maneno yanakuja vipande vipande. Huwezi kungoja mtu amalize habari za mwaka mzima ndipo uanze kuelewa. Unaelewa huku yanakuja."

"Hiyo simu ya stesheni ya Kilosa. Endelea."

"Sasa huyu msomaji wangu hajui maji wala mto. Kazi yake kusoma tu. Mwenye haja na namba anakuja mapema, anamwachia jina mlangoni: ukikuta namba, niite. Msomaji akikuta namba iliyokamilika, anaita."

"Na huyo mwenye haja ni nani?"

"Yeyote. Msomaji hamjui. Kapewa jina lake na mfuko wake basi."

"Mfuko wa nini tena?"

"Wa mwenye haja. Msomaji anaushika, haufungui, na kila akimwita anamkabidhi. Ili anayeitwa akumbuke alikuwa katika shughuli gani."

Nikakuambia hayo mbona nayajua. Genge la reli la Babu yako lilikuwa hivyo hivyo. Karani anawashikia wafanyakazi mifuko yao ya kazi pale stoo, haifungui, hajui ndani mna nyundo au mna ugali. Likiitwa jina la mtu, anapewa mfuko wake, anakwenda. Ukaniangalia, ukaandika kitu kwenye daftari. Nilijisikia vizuri siku ile, Asteria. Mtu wa kisomo cha jioni, nimeandikwa kwenye daftari la chuo kikuu.

Mimi, kabla hujazaliwa, nilikuwa msomaji. Sikukueleza vizuri, nilikurushia vipande tu. Tulikaa Kilosa, nyumba za reli, karibu na mto Mkondoa. Pale darajani kulikuwa na ubao mrefu umesimamishwa majini, una namba za mita, na juu yake mstari wa rangi nyekundu. Aliyepewa kazi ya kuusoma asubuhi na jioni alikuwa Babu yako. Siku moja taruma, lile gogo la kulazia reli, lilimwangukia mguuni. Akalala miezi. Kazi nikaishika mimi. Jina kwenye karatasi lake, miguu kwenye matope yangu, na hata alipopona hakuna aliyekumbuka kunirudisha jikoni.

Nilikuwa naandika kina cha maji kwenye kibao cha shule, napeleka stesheni. Karani anakiangalia, anasema, "Nimeona, mama." Nakwenda zangu, nafuta, naandika cha jioni. Siku ya ukaguzi karani ananiambia lete kibao cha juzi. Cha juzi kiko wapi? Kimefutwa! Akanilaumu mbele ya mkaguzi, nikamjibu kwamba kuonyeshwa ni kuonyeshwa, ukitaka kubaki nacho unakili kwenye kitabu chako palepale nikiwa nimesimama. Wewe umeweka sheria hiyo hiyo kwenye programu yako. Anachoonyeshwa mwenye haja ni chake wakati anaitwa tu, msomaji akiendelea na kazi kibao kinafutwa. Uliponisomea hilo nilipiga kofi mezani, mchele ukamwagika. Na ile ya kwamba aliyeitwa asikae kupiga soga, kwa kuwa msomaji amesimama anamngoja na mto haungoji, hiyo ningemwandikia karani yule kwenye paji la uso.

Tena kulikuwa na Mzee Mahimbo. Yeye alikuwa anasoma ubao mwingine, mbali kule juu, mto unapotoka milimani na kufuatana na reli. Ana simu ya reli ya kuzungusha mkono. Siku moja alipiga akasema, "Mita mbili," waya ukakoroma, ukakata. Karani akaandika mbili. Kumbe mzee alikuwa anataka kusema mbili na themanini. Ilibaki kidogo tupate aibu kubwa. Na wewe wiki ya kwanza ulipata shida ile ile, namba inakatwa katikati, kipande kinakuja sasa na kingine baadaye, msomaji wako anaita kabla haijatimia. Ulikaa nayo siku mbili, hukula, mpaka ukamfundisha msomaji kushika nusu mkononi na kungoja nusu yake. Nilikusifu? Sikukusifu. Nilisema ugali umepoa. Nakusifu sasa. Ulifanya vizuri sana.

Basi ndipo tukafika kwenye ugomvi. Ulisema umepunguza kelele. Namba za kawaida zipite kimya kimya, mwenye haja aitwe kwa mambo mawili tu, namba ikivuka alama ya hatari, au namba ikija imeharibika. Nikaacha kuchambua.

"Na redio ikikatika?"

"Ikikatika hakuna kinachokuja, Bibi."

"Hilo najua. Mwenye haja anaambiwa nini?"

"Haambiwi kitu. Hakuna namba, hakuna kuitwa."

"Kwa hiyo maji yakiwa chini, kimya. Na redio ikifa, kimya."

"Msomaji hana saa, Bibi. Hawezi kujua muda umepita. Anajua kilichowekwa mbele yake, basi."

"Basi mwenye saa ni nani?"

Ukanyamaza. Nikauliza tena, nikapandisha sauti, nikakuita kichwa kigumu, nikasema unajenga kitu cha kuua watu. Ndipo uliposema si kazi yangu.

Sasa soma taratibu.

Agizo tulilopewa pale mtoni, mimi na Mzee Mahimbo, lilikuwa hilo hilo lako. Maji yakifika alama nyekundu, piga simu. Yasipofika, usisumbue watu. Miaka likafanya kazi. Mahimbo akipiga, tunahamisha vitu kwenye tuta la reli, maji yanapita, tunarudi. Asipopiga, tunalala. Nilikuwa najivunia utaratibu ule kama nimeuzaa mimi.

Mwaka ule masika yalikuwa makali. Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua limetoka kidogo, nimeanika mahindi. Jirani yangu Mama Chiku akasimama kwenye michongoma.

"Paulina, unausikia mto?"

"Nausikia."

"Mbona unaanika?"

"Mahimbo hajapiga."

"Unausikia mto kwa masikio yako, unamngoja Mahimbo?"

"Wewe umesomea maji? Nimesema hajapiga. Angalia mahindi yako."

Nakuambia Asteria, mto ulikuwa unanguruma kama gari moshi lililokosa breki, na mimi nageuza mahindi kwa mguu. Nilishausikia. Lakini kimya cha Mahimbo nilikiamini kuliko masikio yangu. Mama Chiku akabeba watoto wake, akabeba na wa kwangu, mama yako Veronika, akapanda nao tuta la reli. Mimi nilitoka maji yakiwa kiunoni. Nyumba ilikwenda. Mbuzi walikwenda. Cherehani niliyonunuliwa na Babu yako ilikwenda, na ilikuwa nzito, sijui maji yaliibebaje.

Mahimbo alifika tukiwa tumekaa juu ya tuta. Amekuja kwa miguu, anafuata reli, kiatu kimoja hana, anahema kama mtu anayekata roho. "Simu imekufa tangu asubuhi, Paulina," akasema. "Nguzo zimeanguka. Nimekimbia." Nilimtukana mzee wa watu. Amekimbia njia yote ile na mimi namtukana. Mama Chiku ndiye aliyempa maji ya kunywa.

Baada ya pale mnyapara wa genge akabadilisha utaratibu. Mahimbo alitakiwa kupiga kila siku saa moja asubuhi, hata mto ukiwa umekauka mpaka unaona mawe. Apige, aseme yuko, akate. Saa moja na nusu ikifika hajapiga, hakuna kukaa kubuni ni mzima au ni mgonjwa, ni waya au ni usingizi. Watu wawili wanapanda toroli ya reli wanamfuata. Na saa ya kuangalia akapewa Babu yako, ile ya mfukoni, yenye mnyororo. Ndiyo hiyo uliyoahidiwa.

Kwa hiyo jibu la swali letu nilikuwa nalo. Nimelilipia kwa nyumba. Ndiyo maana nilikupigia kelele. Na kama ningekomea hapa ungesema Bibi ana haki, ukakunja barua. Lakini sijamaliza.

Miaka ikaenda. Zikaja siku za ruksa, maduka yakajaa, reli ikaanza kupunguza watu. Babu yako alipunguzwa katika kundi la kwanza, akapewa mkono wa kwaheri na saa ile akaachiwa, tukahamia hapa Mikumi kwa sababu ya barabara kuu, kila mtu alisema maisha sasa yako barabarani. Hakukaa miaka miwili akafariki. Mama yako alikuwa tayari ana wewe, na baba yako alishakwenda alikokwenda, huyo simwandiki. Veronika akasema anakwenda Tunduma, mpakani, kuuza vitenge. Akakuacha kwangu na gauni lako la njano.

Simu ilikuwa ile ile unayoijua, ya dukani kwa Mama Subira. Mtu anapiga, Mama Subira anamwambia piga tena baada ya robo saa, halafu anatoka anapaza sauti juu ya ua. "Bibi Pauliiina! Tunduma!" Unaacha unachofanya, unakimbia, unakaa kwenye gunia la chumvi, unangoja. Na wote waliokuja kununua sabuni wanangoja na wewe, maana habari ya mtu mmoja pale ni ya wote.

Veronika alikuwa anapiga kwa kila kitu. Mama, nimepata chumba chenye dirisha. Mama, leo huku kuna baridi, nimevaa sweta mbili. Mama, Asteria kang'oka jino? Siku moja niliacha maharage jikoni, nikakimbia, kanga imenidondoka njiani, watu dukani wamejaa. Nikashika simu.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Nilitaka kusikia sauti tu."

Mteja mmoja akacheka. Nikaona haya. Nikasema, kwa sauti ili na wao wasikie kwamba mimi si mtu wa kuchezewa, "Veronika, una wazimu? Maharage yangu yanaungua! Niite ukiwa na shida ya kweli. Usipokuwa na shida kaa kimya, nitajua u mzima."

Akacheka. Nakikumbuka kile kicheko, kilikuwa kifupi. "Sawa, Mama," akasema. "Shida ya kweli."

Mimi, Asteria. Mimi niliyekaa juu ya tuta la reli naangalia paa la nyumba yangu linakwenda na maji. Nililijua la mto, na nikashindwa kulileta nyumbani. Nikampa mwanangu agizo lile lile lililoniangusha.

Akanyamaza. Mwezi wa kwanza nilijisifu. Nikamwambia Mama Subira, "Umeona? Ukimwambia mtoto mara moja, anasikia." Mwezi wa pili watu wakiniuliza habari za Tunduma nawajibu kimya chake ni uzima, biashara imemkubali. Wewe ulikuwa ukisikia simu inalia upande ule unakimbia mpaka kwenye ua, unasimama. Mimi nakuvuta ndani. Nakuambia mama ana kazi. Mwezi wa tatu ilikuja barua, ameiandika mama mwenye nyumba aliyompangisha, na kaburi limeshaota majani.

Nilikuambia mama yako alifariki ghafla. Umekua na neno hilo, na chuoni umelijaza kwenye fomu. Haikuwa ghafla. Ilikuwa wiki tisa. Ilianza homa ndogo, ikapoa, ikarudi, ikaongeza kikohozi. Kila siku imepanda kidole kimoja, haijafika alama nyekundu. Yule mama ameandika kwamba alimwambia mara nyingi, mwite mama yako. Na Veronika anamjibu, "Bado. Mama alisema shida ya kweli. Hii ni homa tu." Mpaka siku alipoona sasa ni ya kweli, miguu ya kumfikisha penye simu haikuwepo.

Nilikuficha kwa sababu gani? Nilijiambia ni kwa sababu ulikuwa mdogo. Uongo. Ulipofika darasa la saba hukuwa mdogo. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa unaniita mama siku nyingine ukisahau, na nilitaka uendelee kusahau. Barua ya yule mama nimeiweka kwenye sanduku lako, chini, ndani ya sweta ya kijani. Isome ukiwa umekaa. Ukitaka kunichukia, una haki, nami sitakuandikia kujitetea.

Asubuhi ya baada ya ugomvi wetu niliamka nikakukuta umeshawasha mashine. Sikukusalimia. Nikasikia vidole vyako vinapiga haraka haraka. Halafu ukaja uani, ukaniwekea chai ya tangawizi kwenye kigoda, ukasema huku unaangalia kuku, "Nimeongeza mbili. Kila namba inaitwa, hata ya kawaida, asiyetaka kuisikia aamue mwenyewe. Na kuna ya mwisho. Mwenye saa akiona muda umepita, anamwambia msomaji basi, hakuna tena. Msomaji anaangalia kama ameshika nusu mkononi, halafu anaita mara ya mwisho, aseme imekwisha salama au imekatika. Lazima aite. Hawezi kuondoka bila kuita."

"Lazima?"

"Lazima, Bibi. Asipoita ni kosa langu."

Nikasema chai haina sukari. Ilikuwa na sukari ya kutosha. Nikainywa yote.

Nilitaka nikuketishe pale pale nikwambie habari ya mama yako, nikashindwa. Siku tano nikashindwa. Sasa treni ni kesho na nimeona ni afadhali unione mbaya ukiwa Mwanza kuliko kuendelea kuniona mwema kwa kutokujua.

Na kuna kitu kingine ulichokiweka kwenye mpango wako, nilikisikia nikajifanya sijasikia. Ulisema kila anayeitwa ana haki ya kujibu moja kati ya mawili, endelea au acha, na msomaji lazima atii. Veronika sikumpa haki hiyo. Wewe nakupa, ingawa wewe ndiye utakayepiga. Ukipiga simu nikaanza kugomba, niambie, "Bibi, acha." Nitaacha. Nitanuna, lakini nitaacha.

Nyumba hii kuanzia kesho itakuwa na sauti ya kuku na ya malori yanayoshuka kwenda Mbeya. Tembo wakitoka hifadhini wakivunja migomba, nitawapigia sufuria peke yangu. Nimezoea kukusikia unagonga gonga hiyo mashine mpaka mvua ikinyesha kwenye bati nadhani ni wewe. Sikuandikii haya unionee huruma. Huruma yako sina pa kuiweka. Nakuandikia ujue kwamba mtu niliyejifanya sitaki kuitwa ovyo, nilikuwa nakaa kwenye lile gunia la chumvi hata siku ambazo simu haikulia. Mama Subira anajua. Muulize.

Basi tukubaliane. Acha jina langu mlangoni kwako, Asteria. Nipigie kila Jumapili saa nne asubuhi, kwa Mama Subira, nitakuwa nimeshatoka misa. Huna la kusema? Sema huna la kusema, ukate. Umeona samaki mkubwa, umegombana na mkubwa wako wa kazi, umenunua viatu vinakubana, umetaka kusikia sauti tu, yote nayataka. Usinipimie lipi kubwa na lipi dogo. Sitaki mstari mwekundu kati yangu na wewe. Maharage yaungue. Na usinipe nusu ya jambo ukakata, nusu inaua kuliko kimya.

Saa ya Babu yako nabaki nayo. Niliichomoa sandukuni leo baada ya wewe kuondoka. Wewe Mwanza utapata saa nyingine, za mtumba zimejaa. Hii ina kazi hapa. Jumapili nitakaa nayo dukani, kwenye gunia langu. Saa nne ikipita nitangoja mpaka saa nne na nusu, kama mnyapara alivyoagiza. Baada ya hapo sitamuuliza mtu ni mtandao au ni nini, sitasema kimya chako ni uzima. Nitafunga kuku, nitapanda gari la Kilosa, na Kilosa nitapanda treni. Mwanza siijui, lakini nina mdomo.

Nilikuuliza mwenye saa ni nani, ukanyamaza. Hukukosea kunyamaza, swali halikuwa lako.

Ni mimi. Saa nimeshaitia ufunguo.

Bibi yako,
Paulina